Wifi Yangu na Lundo la Tatu

Binti wa ofisi ya mtaa amenijia mara nne. Mara ya kwanza nilimwambia sina nafasi. Mara ya pili nilimwambia sina miwani. Mara ya tatu alinikuta mlangoni na miwani usoni, nikamwambia aende zake. Mara ya nne hata salamu hakuimaliza, aliweka daftari na kalamu mbili juu ya kizingiti akasema, "Bibi, kurasa mbili tu. Historia ya kiwanja chetu. Kimetimiza miaka ishirini, tunachapa kijitabu, kila nyumba itapata." Chetu, anasema. Nilipokianza hicho kiwanja yeye alikuwa bado yumo mgongoni kwa mama yake.

Basi naandika, lakini naandika ninachotaka mimi. Shule niliishia darasa la tatu, na kalamu inaniuma vidole kuliko reki. Atakayenyoosha maandishi anyooshe, ila asinipunguzie wala asiniongezee. Na kurasa zikizidi mbili, wapunguze picha za wakubwa.

Historia wanayoitaka ni fupi. Zamani kila mtu hapa alikuwa anachoma majani mbele ya geti lake na kutupa chupa mtaroni. Moshi mchana kutwa, na mvua ikinyesha mtaro unatapika mpaka sebuleni kwa watu. Nilikwenda ofisini miezi saba, nikikaa kwenye benchi moja, mpaka wakachoka kuniona. Wakanipa kile kipande nyuma ya ukuta wa shule, kilikuwa cha kuegesha malori yao mabovu. Wakanipa kibali, jina langu likaandikwa msimamizi. Nikaweka mapipa. Historia imekwisha.

Hayo mengine yote ni ya wifi yangu, na huyo hamtamwona popote kwenye kijitabu chao.

Wifi alikuwa dada wa marehemu mume wangu. Mume wangu alipofariki, wifi alikuja na begi moja na binti yake wa miaka kumi na miwili, akasema amekuja kukaa nami wiki mbili. Alikaa miaka kumi na saba. Kwa mumewe alikuwa ameondoka, na ukimwuliza sababu anakujibu kwamba alichoka kumpikia mtu anayechungulia sufuria kabla ya kuvua viatu. Alikuwa mrefu, mkavu, mbele za watu haongei, akifika nyumbani ulimi unafunguka. Tuligombana kila siku ya Mungu. Chumvi, redio, dirisha lifunguliwe au lifungwe. Alikuwa akiniita wifi kwa sauti ya mtu anayeita mbuzi mkaidi, na mimi nikimjibu vivyo hivyo. Wapita njia walidhani tunachukiana. Siku nikiumwa, alikuwa analala chini kando ya kitanda changu, halafu asubuhi anasema aliona joto tu huko chumbani kwake.

Kiwanja tulikigawana bila kukaa kikao. Mimi geti, yeye nyuma. Jumatano na Jumamosi watu wanaleta mizigo. Chupa za kioo pipa hili, makopo pipa lile, karatasi na maboksi chini ya mabati yasilowe, plastiki kwenye viroba. Mimi nilikuwa nautazama mfuko tumbo lake tu, najua kilichomo. Mtu analeta gunia la majani makavu, juu majani kweli, chini nepi za mtoto. Namrudisha nalo mbele ya foleni, na namwambia mtoto wake hajambo, choo chake ni kizuri, sasa akakitupe kwake. Ndiyo maana wakaniita Bibi Mapipa. Sikuwahi kukasirika. Jina unalipewa kwa kazi, si kwa umbea.

Huko nyuma ndiko kulikokuwa na maarifa, na maarifa yalikuwa ya wifi. Majani ya kufagia, nyasi zilizofyekwa, matawi yaliyokatwa, vyote vilikwenda kwake. Alikuwa na sehemu tatu alizozitenga kwa mbao chakavu. Lundo la kwanza ni la kupokelea. La pili linaoza. La tatu limeiva, ndilo tunalogawa bure kama mboji kwa wenye bustani. Alipanga makavu tabaka, mabichi tabaka, maji kidogo, anageuza kwa uma. Alikuwa na nondo ndefu, anaichoma katikati ya lundo, anaiacha, anaichomoa na kuishika. Ikimuunguza anacheka, anasema linafanya kazi. Ikiwa ya baridi anakasirika kama mtu aliyetukanwa.

Na alikuwa na maharage. Mwaka wa pili fundi mmoja alituletea vumbi la mbao lililokuwa na dawa, tukalichanganya, mboga zetu wenyewe nyuma ya jiko zikanyauka zote. Tangu siku hiyo wifi aliapa kwamba hakuna mboji itakayotoka bila kupimwa. Lundo likiiva, anachota udongo wake kwenye makopo matatu, anapanda maharage matatu kila kopo. Kopo la nne anatia udongo wa kawaida tu. Anayaweka yote kwenye dirisha la chumba chake, lile la jua la asubuhi, wiki tatu. Majani yakitoka yamenyooka sawa na yale ya kopo la nne, lundo linafunguliwa. Yakitoka yamejikunja, lundo halitoki. Kanuni hiyo aliilazimisha iandikwe mpaka kwenye kibali. Nilimcheka. Nilimwambia, wifi, unayabembeleza hayo maharage kuliko ulivyombembeleza mume wako. Akasema maharage hayachungulii sufuria. Watu wakamwita Mama Maharage, akalipenda.

Miaka kumi na miwili tulikwenda hivyo. Binti yake alikua, akaolewa, akafungua duka la vitambaa upande wa pili wa mji. Mimi huyo binti ananiita mama, kwa kuwa nilimlea mimi na mama yake pamoja, na viboko vyangu amevila.

Sasa nifike pale ambapo nimeacha kalamu siku tatu nzima.

Mwaka huo wa kumi na mbili kiangazi kilikuwa kirefu. Majani makavu tele, mabichi hakuna, na lundo la makavu matupu haliozi, linakaa tu. Akaja mtunza bustani wa hoteli moja ya barabara ya juu, na gari limejaa nyasi mbichi mpaka zinamwagika. Nyasi nzuri, zimekatwa kwa mashine, harufu yake mpaka kwenye geti. Alisema bustani yao ni kubwa, ataleta kila wiki. Kanuni yetu ni kumwuliza kila anayeleta nyasi kama zimepigwa dawa. Sikumwuliza. Nilifurahi tu, nikamfungulia geti lote. Nilimwita wifi aone, nikajisifu, nikamwambia tazama nyasi safi, hakuna gugu hata moja humu.

Wifi alichukua konzi moja, akazichambua. Akasema, "Nyasi isiyo na gugu hata moja, wifi, hiyo imenyweshwa kitu."

Nilimwambia ana roho ya kutu. Nyasi zikaingia.

Lundo lile lilipata moto ajabu. Likaoza upesi, likawa jeusi, laini, ukitia mkono unaona kama unga. Na hapo ndipo ofisi ikaniletea habari kwamba wageni kutoka makao makuu watakuja kuona siku ya kugawa mboji, wakikipenda kiwanja watatujengea ukuta na choo. Siku ikapangwa. Mawingu nayo yalikuwa yameanza kukusanyika, kila mtu ananiuliza mboji lini, mvua hiyo inakuja. Nilikwisha kuwaambia wote, Jumamosi.

Maharage ya wifi yalikuwa na siku tisa.

Alinifuata jikoni Alhamisi asubuhi. "Siku tisa hazitoshi," alisema. "Nipe hizo wiki zilizobaki."

"Wageni hawaji baada ya wiki mbili."

"Wageni hawapandi nyanya."

Nikamwuliza kibali kina jina la nani. Nikamwambia kiwanja nimekipigania mimi, benchi nimelikalia mimi miezi saba, yeye alikuja kukuta mapipa yamepangwa. Si kweli, mapipa tuliyabeba wote wawili, moja lilimwangukia kidole cha mguu na kucha haikurudi tena. Lakini nilisema hivyo. Kisha nikaingia chumbani kwake, nikayachukua yale makopo matatu dirishani, nikaenda nayo kiwanjani, nikayamwaga juu ya lundo la tatu ili mabishano yaishe.

Miche ilikuwa imeshatoka. Majani yake yalikuwa yamejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Niliyaona. Nilijiambia yamekosa jua. Naandika hapa kwamba niliyaona.

Jumamosi wageni walikuja, wakapiga picha foleni. Nyumba zaidi ya thelathini zilichukua mboji, na shule, na mimi nikatoa hotuba. Wifi alikuwa anajaza magunia kwa koleo. Kila mtu aliyekuja kuchukua, nilimsikia anamwambia kwa sauti ya chini, tia kidogo, usiimwage yote, pandia tuta moja kwanza. Watu walimcheka. Mama Maharage bwana, mchoyo hata wa uchafu.

Baada ya wiki tano fundi viatu wa kona alikuja getini ameshika mche wa nyanya kwa mizizi. Huyu fundi mnamfahamu, nyanya zake alikuwa anaziimbia. Majani yalikuwa yamesokotwa kama kamba. Hakugomba. Aliuweka juu ya meza yangu akasema, "Bibi, zote." Halafu akaja jirani yangu wa mbele na maharage, halafu mwalimu wa shule akasema matuta yote ya mboga yameharibika, watoto wameng'oa wenyewe. Kila Jumatano meza yangu ilikuwa na miche iliyokufa badala ya chupa.

Bwana afya alichukua udongo akaenda nao, akarudi na jibu. Dawa ya kuua magugu, ile inayokaa ndani ya nyasi hata zikioza. Yule wa hoteli alipoulizwa hakukataa, alisema wanapiga mara mbili kila msimu, na hakuna aliyemwuliza.

Ikaitwa mkutano, palepale kiwanjani, saa nne asubuhi, tukaazima viti vya shule. Watu walijaa mpaka wengine walikalia mapipa. Bwana afya alisimama na kibali changu mkononi akakisoma. Akasoma kile kipengele cha kupima. Akasema kama msimamizi ndiye aliyetoa mboji bila kupima, kibali kinakufa leo na kipande kinarudi ofisini. Nyuma yake alikuwa amesimama mkuu wa malori, anatazama huku na huku kama mtu anayepima chumba cha kupanga. Kama ni mfanyakazi wa chini aliyekosea, bwana afya alisema, huyo ataondolewa na kiwanja kitaendelea.

Halafu akauliza nani alilifungua lundo la tatu.

Mimi nilikuwa kiti cha mbele. Mtaa mzima mnajua kama nina sauti. Nimewahi kumsimamisha mtu na gunia lake akiwa upande wa pili wa barabara. Siku hiyo nilitazama buti zangu. Nilikuwa nakiona kiwanja kimejaa malori, mtaro umejaa chupa, na mimi nimekaa nyumbani naitwa bibi tu, bila mapipa.

Wifi alikuwa amesimama nyuma, karibu na malundo yake. Alijikung'uta majani kwenye nguo, akaja mbele.

"Nililifungua mimi," alisema. "Kupima ni kazi yangu, na sikupima. Msimamizi hakujua."

Mtu ambaye haongei mbele za watu. Nadhani hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote aliyowahi kusema hadharani maisha yake yote.

Walimzomea. Sitaandika nani na nani, mnajijua. Fundi viatu alisema kumbe yale maharage yalikuwa maonyesho tu. Wifi alisimama mpaka walipomaliza, akanipa ufunguo wa banda, akatembea kwa miguu mpaka nyumbani. Mimi nilibaki kukunja viti.

Nilipofika alikuwa amekaa jikoni, miguu ndani ya beseni. Nilisimama mlangoni nikashindwa kuingia kwenye jiko langu mwenyewe. Akasema, "Usinitazame hivyo. Wangekunyang'anya kile kiwanja ungekufa, na mimi siwezi kukaa nyumba moja na maiti yenye hasira."

Kisha akaacha utani. Alisema atalibeba msimu mmoja. Watu wakishapoa, kibali kikishapita, niseme.

"Nitasema," nikamwambia.

"Kwa mdomo wako, mbele yao."

"Nimekwambia nitasema."

Akachukua kitambaa akajifuta miguu. Hakuniapisha. Alinijua kwa miaka yote hiyo kwamba nikisema neno silimezi.

Msimu ulikwisha. Wiki ile mvua zilipokatika tulikuwa tunachambua mchele mezani, akasema, "Wifi, mvua zimekwisha." Nikamjibu, "Najua." Akaendelea kuchambua. Hakuuliza tena mpaka anaingia kaburini.

Sababu nilikuwa nazo, kila msimu na yake. Mara kibali kinafanywa upya, si wakati mzuri. Mara wageni wa makao makuu wamejenga choo, nikisema watakivunja? Mara wakaniletea karatasi ya pongezi yenye kioo, nikaitundika sebuleni, wifi akaipangusa vumbi kila asubuhi kama vitu vingine. Baadaye nikajiambia watu wamesahau, kwa nini niwakumbushe. Hawakusahau. Mama Maharage wakamgeuza Mama Sumu. Muuza mboga wa hapo njia panda alimwambia asiguse mboga zake, aonyeshe kwa kidole atafungiwa. Wifi alirudi nyumbani akanieleza kama kichekesho, akaniigia ile sauti ya muuza mboga, nami nikacheka. Nilicheka kweli, Mungu ananiona.

Kiwanjani alikatazwa kukanyaga. Ni hatua mia mbili kutoka kwetu. Nikirudi jioni alikuwa ananusa nguo zangu. Anasema, lundo la pili mmelimwagia maji mengi. Anasema, leo hamkugeuza. Na alikuwa anapatia. Nilikuwa nimeweka vijana wawili wa kulipwa ambao hawajui nondo inashikwaje, na mimi nikawa nawafundisha kwa maneno yake, nayatoa mdomoni kama yangu.

Binti yake alizisikia habari hizo dukani kwake. Mteja alimwambia, wewe si mtoto wa yule aliyetuunguzia bustani. Akaja mbio, hata viatu hakuvua, akamkuta mama yake anaosha vyombo na mimi niko mezani nakula. Alilia kwa hasira. Alisema, "Mama, ulikuwa na kazi moja tu. Moja."

Wifi hakumtazama binti yake. Alinitazama mimi. Hakuwa ananidai, naapa. Alikuwa ananipisha tu, kama mtu anavyosogea mlangoni mwenzake apite. Nikainuka, nikaenda kuchungulia sufuria iliyokuwa haina kitu.

Mwaka wa tatu baada ya ule mkutano kifua kilimbana. Binti yake akamchukua ili awe karibu na hospitali. Nilikwenda kumwona mara mbili. Mara ya mwisho alikuwa amekuwa mdogo kitandani, ule urefu wote sijui ulikwenda wapi. Nilimshika mkono nikamwambia, wifi, nitasema. Akafumbua macho akasema, "Usiniambie mimi. Mimi najua."

Siku ya mazishi binti yake aliniomba nizungumze kwa niaba ya familia, kwa kuwa mimi ndiye niliyeishi naye. Kutoka mtaani kwetu walikuja watu sita. Nilikuwa na sauti yangu yote, na wote sita walikuwa pale kwenye ule mkutano wa viti vya shule. Nikazungumza kuhusu usafi wake. Nikasema alikuwa msafi sana.

Imepita miaka mitano. Nyumba imenyamaza, dirisha nalifungua na kulifunga ninavyotaka na hakuna wa kubishana naye. Mwaka jana niliteleza kwenye lundo nikaumia nyonga, nikalala miezi miwili nikitazama dari. Nilipoweza kusimama, sikwenda kiwanjani. Nilikwenda kwa binti yake.

Nilimwambia yote, kama nilivyowaandikia nyinyi, mpaka majani yale yaliyojikunja. Alinisikiliza akiwa amesimama nyuma ya meza yake, anakunja kitambaa. Nilipomaliza aliniletea kiti na maji. Akaniambia kwa upole, kama unavyosema na mtu anayeumwa, "Mama, usihangaike kumsafisha maiti. Watu wote wa kwenu walimsikia kwa masikio yao. Alikiri mwenyewe." Nikaapa. Akasema anajua nilimpenda, na asante. Mara ya pili nilipokwenda alikasirika, akasema namchezea msiba wake, na kwamba kama ni kweli basi mimi ni mtu wa namna gani niliyesimama pale makaburini. Mara ya tatu nilimwona kupitia dirishani, naye aliniona, na mlango haukufunguliwa.

Sasa kuhusu kibali. Ofisi ikisoma hapa na ikataka kukichukua, ikichukue. Kiko kabatini sebuleni, funguo mbili za geti ziko juu yake, na ile karatasi ya kioo nimeishusha ukutani. Huyo binti wa ofisini aliyenipa kalamu akiogopa kuchapa, nitapita mlango kwa mlango nikiisoma historia hii mwenyewe, nyonga hii hii.

Lakini nyinyi mliochukua magunia Jumamosi ile, na nyinyi mliokaa juu ya mapipa mkazomea, nina kazi ya kuwapa, na sisemi tafadhali. Mimi peke yangu nimemwendea binti yule mara tatu hakuniamini. Anaamini wengi, kwa sababu wengi ndio waliomtukania mama yake. Basi nendeni. Duka lake ni la vitambaa, linatazamana na kituo cha mafuta cha barabara ya chini, mlango wa kijani. Msiende kundi zima kama mnakwenda kudai, nendeni mmoja mmoja, siku tofauti. Mwambieni ninyi ndio mlioambiwa na mama yake mtie kidogo, mpandie tuta moja kwanza, mkamcheka. Mwambieni mwenye kosa ni mimi. Fundi viatu, wewe uanze. Muuza mboga, wewe ufuate, na umshike mkono.

Na ukitoka huko usiende kwako moja kwa moja. Pita hapa kwangu, ugonge, uniambie alijibu nini.